Kitambaa cha Tatu

Shangazi yangu si mtu wa kutia chumvi. Amefanya kazi kwenye maabara ya hospitali kwa miaka ishirini na sita, na kazi hiyo humzoesha mtu kusema alichokiona, kisha akanyamaza. Ukimuuliza kama mvua itanyesha, atachungulia nje na kukwambia kuna mawingu. Basi. Ndiyo maana juzi aliponisimulia haya, yeye anakunja nguo kitandani na mimi nimekaa kizingitini, sikucheka. Nilikuwa naiangalia mikono yake. Alikuwa anakunja shati lile lile kwa mara ya nne.

Ilikuwa Jumapili, saa sita mchana, na zamu ilikuwa yake peke yake. Maabara yao iko chini ya wodi. Ni chumba kirefu kisicho na dirisha la nje, chenye meza mbili za saruji, jokofu na mlango mmoja. Hatua nne kutoka mlangoni, kwenye ukuta ule ule, kuna kidirisha cha kupokelea sampuli. Sinia linapita hapo. Mtu hapiti.

Nesi wa wodi ya watoto wachanga alikuja kidirishani akihema. Wanamwita Kasi, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona akitembea taratibu. Na shangazi wanamwita Bi Darubini, maana hata akichambua mchele huinama kama anatafuta wadudu wa malaria.

"Shikamoo, Bi Darubini."

"Marahaba. Leo umekimbia au umeruka?"

"Nimeteleza kwenye ngazi. Imekuwa haraka zaidi."

Akaweka kitambaa cheupe kwenye sinia. Katikati palikuwa na doa jekundu, dogo kama kiganja cha mtoto.

"Katapika huyu wa jana usiku, wa kike," alisema Kasi. "Daktari anataka kujua damu ni ya nani. Ya mtoto, au ya mama."

Kipimo hicho shangazi angekifanya hata amefumba macho. Mtoto mchanga akitapika damu, mara nyingi ni damu ya mama aliyoimeza wakati wa kuzaliwa, na hiyo haina neno. Lakini huenda ni yake mwenyewe, anavuja kwa ndani, na hapo hakuna muda wa kupoteza. Kwa hiyo unaloweka doa kwenye maji, unayazungusha kwenye mashine, unachota yale maji ya waridi yaliyojitenga juu, unadondoshea dawa ya alkali, unangoja dakika mbili. Damu ya mtu mzima hushindwa. Hugeuka, ikawa na rangi ya kutu. Damu ya mtoto mchanga hukaidi. Hubaki waridi.

Ili macho yasikudanganye, pembeni unaweka tyubu mbili za kulinganishia, moja ya mtoto mwingine na moja ya mtu mzima. Kanuni inasema ile ya mtu mzima itoke kwenye akiba ya jokofu. Pale kwao hakuna anayeifuata kanuni hiyo. Jokofu lina fomu, na fomu ina saini tatu. Kila fundi hujidunga kidole chake, tone moja, kazi imekwisha. Shangazi alijidunga kidole cha pete, mkono wa kushoto, kama alivyofanya mara mia.

"Na jambo jingine," Kasi alisema. "Katoto kamezaliwa hakana rangi. Mama yake alivuja sana, akafia kwenye meza ya kujifungulia. Daktari anaomba damu ya kukaongezea, O hasi, hata mililita hamsini tu. Mnayo?"

"Hakuna."

"Na mtoaji wa kumpigia simu?"

"Hakuna."

Aliyasema hayo akiwa anahesabu matone, bila kuinua uso.

Hapo shangazi aliacha kukunja shati. Akaniambia neno ambalo alikuwa hajamwambia mtu.

Yeye mwenyewe ni O hasi. Kwenye sanduku la kadi za watoaji, kadi ya O hasi ilikuwa moja tu, na ilikuwa yake. Ametoa damu tangu akiwa msichana. Kila walipopungukiwa, walimkumbuka yeye: usiku, sikukuu, akiwa na homa, akiwa msibani. Mwaka jana alichoka kuwa bomba la watu. Akaichomoa kadi sandukuni, akaitia kwenye droo yake chini ya glavu, na kuanzia siku hiyo akaanza kujibu kwa neno moja.

Jumamosi jioni, akiwa anavua koti la kazi, simu kutoka chumba cha kujifungulia ililia. Kuna mama anavuja. O hasi. Tunaomba damu.

"Nikawaambia hakuna," alisema. "Nikaja nyumbani. Nikaoga, nikala, nikalala. Nilidhani wataazima hospitali nyingine kama siku zote. Sikujua atakufa, mwanangu."

Dakika mbili zilipokwisha, aliinua tyubu tatu mbele ya taa. Ya mtoto mwingine, waridi. Yake, kutu. Ya kitambaa, kutu.

Akampigia daktari wa watoto kwa simu ya ndani. "Damu ni ya mtu mzima. Mtoto havuji."

Daktari aliuliza: "Mtu mzima yupi?"

"Mama yake, nadhani."

"Huyu hajanyonya. Mama yake hakuwahi kumshika. Na tumbo lake nililisafisha mimi mwenyewe alipozaliwa, maji yakatoka meupe." Akashusha sauti. "Nisikilize. Kama anavuja, inabidi nimpeleke hospitali kubwa, saa nne barabarani, na bila damu hafiki. Kama havuji, abaki hapa, lakini damu anaihitaji kabla ya jioni, vinginevyo moyo wake utachoka. Rudia kipimo. Ametapika tena sasa hivi. Na una hakika hakuna mtoaji?"

Shangazi alikuwa bado ameshikilia pamba kwenye kidole chake.

"Nina hakika," alisema.

Akaamua apande wodini akachukue kitambaa cha pili mwenyewe, amwone huyo mtoto kwa macho yake. Akaenda mlangoni. Kitasa kilizunguka vizuri. Mlango haukufunguka.

Alisukuma kwa bega. Haukuwa umekwama, aliniambia, maana mlango uliokwama anaujua. Huu ulisogea kiasi cha unywele mmoja, ukatulia, kisha ukarudishwa taratibu. Kama umeegemewa.

"Nani hapo?" aliuliza.

Akasukuma tena. Ukasogea unywele mmoja. Ukarudishwa.

Kasi akatokea kidirishani na kitambaa cha pili. Doa lilikuwa pana kama sahani.

"Nifungulie huo mlango kwa nje," shangazi alimwambia.

Kasi aligeuza kichwa kutazama upande wa mlango. Kisha akainama kidirishani, akanong'ona, kama mtu asiyetaka kumkosea adabu mwingine.

"Kuna mama ameegemea hapo."

"Mama gani?"

"Mgonjwa. Ana gauni la wodi. Nilidhani anasubiri majibu."

Kasi alikuwa ameingia zamu asubuhi. Hakumjua yeyote wa jana usiku.

"Mwambie asogee."

Kasi aliondoka. Shangazi alisikia sauti yake, lakini hakusikia aliyejibu. Kasi akarudi amekunja uso.

"Anasema hana haraka. Atangoja."

Na Kasi, kwa kuwa ni Kasi, alikuwa ameshafika kwenye ngazi kabla shangazi hajapata la kusema.

Shangazi alibaki na kazi, na kazi ndiyo ilimshika asipige kelele. Akaloweka kitambaa. Akazungusha. Akajidunga tena, kidole kile kile. Akadondosha dawa. Dakika mbili. Ya kitambaa, kutu. Yake ilichelewa. Ilisitasita katikati, waridi iliyochujuka, ndipo ikageuka kwa uzito, kama mtu anayeamshwa usingizini.

Damu ya kitambaa ilikuwa bado mbichi, kwa hiyo akaipima na kundi. Mtoto alikuwa B chanya, iliandikwa kwenye faili. Damu aliyoitapika ilikuwa O hasi.

Akakaa kwenye kiti. Katika jengo lile zima, watu wa O hasi aliowajua walikuwa wawili. Mmoja alikuwa chumba cha maiti tangu jana usiku.

Kichwa kilimzunguka. Kila asubuhi, kabla ya kuanza kazi, huijaribu mashine ya kupima wingi wa damu kwa kidole chake, na asubuhi hiyo ilikuwa imesoma kumi na tatu. Akaiwasha. Akajidunga. Ikasoma kumi na moja.

Simu ikalia. Alikuwa Kasi. "Kametapika tena, Bi Darubini."

"Saa ngapi?"

"Sasa hivi. Hata kinywa sijakifuta."

Shangazi alikitazama kidole chake. Tone lilikuwa bado juu ya ngozi, jekundu, halijakauka.

"Nitumie fundi wa milango," alisema.

"Nilishamwita, akaja. Karudi. Anasema yule mama hapo nje kamwambia mlango ni mzima, tatizo ni aliye ndani." Kasi akacheka kidogo. "Nyie mmegombana?"

"Nitolee yule mtu mlangoni, tafadhali."

Kasi aliacha kucheka. Ndipo laini ikakatika. Shangazi alibonyeza, akabonyeza tena. Simu ilikuwa kimya, kimya cha ndani ya mtungi.

Alivuta kiti hadi mlangoni, akakitumia kusukumia. Ukasogea unywele mmoja. Ukarudishwa. Akapiga mlango kwa ngumi. Upande wa pili, mahali pa ngumi yake, pakapigwa kidogo. Polepole. Kama mtu anayembembeleza mtoto mgongoni.

Akarudi nyuma hadi akagusa jokofu. Kuta zilikuwa zile zile, za rangi ya krimu, zenye kalenda ya mwaka uliopita. Lakini chumba kilikuwa kimepungua. Aliniapia hivyo. Kutoka jokofuni hadi mlangoni ni hatua kumi na mbili, amezitembea miaka ishirini na sita. Alizihesabu. Zilikuwa tisa.

Alipoinua macho, kulikuwa na kitambaa cha tatu.

Kilikuwa kwenye sinia. Hakuna aliyekileta. Hakusikia viatu, na viatu vya Kasi husikika kutoka ghorofani. Kilikuwa kimekunjwa mara nne, vizuri, pembe kwa pembe. Alipokishika kilikuwa na joto la mwili.

Hakutaka kukipima. Lakini alikaa mezani. Alijiambia safari hii hatajidunga, atatumia damu nyingine yoyote. Akafungua jokofu. Rafu zilikuwa tupu. Akatazama chini, akaona matone kwenye saruji, yanamfuata kutoka mezani. Kidole kilikuwa kinadondoka chenyewe.

Akakinga tyubu.

Maji. Mashine. Dawa. Saa ya ukutani.

Dakika moja. Ya kitambaa ikageuka. Kutu.

Dakika mbili. Yake ilikuwa waridi.

Akangoja. Dakika tatu. Dakika tano. Waridi. Akadhani amebadilisha tyubu, kosa la wanafunzi, akatazama alama alizoandika kwa mkono wake. Hakukosea. Akadondosha dawa zaidi. Waridi. Angavu, tulivu, kama ya mtoto wa siku moja.

Mashine ilisoma tisa.

Ndipo akaelewa kinachokwenda na kinachokuja. Damu yake ilikuwa inatoka kinywani mwa mtoto, juu, wodini. Na iliyokuwa inazunguka mwilini mwake, chini, katika chumba kisicho na dirisha, ilikuwa ya mtoto. Ndiyo maana mtoto hana rangi. Ndiyo maana hatapata rangi, hata wampeleke wapi. Saa ilikuwa kumi kasoro robo. Jioni ilikuwa njiani.

Kitu kikagusa ubao wa kidirisha.

Ulikuwa mkono. Umelala kwenye ubao, kiganja chini, kama mkono wa mtu anayesubiri kuhudumiwa. Kucha zilikuwa nyeupe kabisa. Mgongoni mwa kiganja palikuwa na plasta, na chini ya plasta, sindano ya dripu ambayo haikuunganishwa na kitu.

"Majibu tayari?"

Sauti ilikuwa ya chini. Ya adabu. Sauti ya mtu asiyetaka kusumbua.

Shangazi alizitazama zile tyubu.

"Ni damu ya nani?"

"Yangu," shangazi alinong'ona.

Mkono haukusogea.

"Na mtoaji?"

Alisema alisikia taa za dari zikivuma. Alisikia maji yakidondoka kwenye sinki. Alihesabu pumzi zake mwenyewe, na akagundua kwamba upande wa pili wa kidirisha hakuna anayepumua.

Neno lile moja lilikuja lenyewe hadi kwenye ulimi, kwa mazoea. Ha. Akalimeza.

"Yupo," alisema. "Alikuwepo."

Akafungua droo, akaondoa glavu, akaitoa kadi. Akaiweka kwenye ubao, mbali na zile kucha. Mkono haukuigusa. Kidole kimoja kiliinuka, kikaonyesha mkono wake.

Akaelewa. Alijifunga mpira juu ya kiwiko kwa meno. Alichukua sindano kubwa, akatafuta mshipa, akaukosa. Akaukosa tena. Mara ya tatu damu ikaingia. Ilikuja polepole, kama haitaki. Kumi. Ishirini. Macho yalimjaa giza pembeni. Thelathini. Alijiegemeza kwenye meza. Arobaini. Hamsini. Akaisukuma kwenye mfuko mdogo wa watoto wenye dawa ya kuzuia isigande, akaulinganisha na damu ya mtoto iliyobaki kwenye tyubu ya kupimia kundi, kama inavyotakiwa, hatua moja baada ya nyingine, bila kuruka hata moja. Zilikubaliana.

Alipogeuka, ubao ulikuwa mtupu.

Akashika kitasa. Mlango ulifunguka kwa kidole.

Hakukuwa na mtu koridoni. Alipanda ngazi akiwa ameushikilia mfuko kifuani, chini ya koti, upate joto. Kasi alipomwona alisahau utani wake.

"Bi Darubini, mbona umekuwa hivyo?"

"Mpe daktari. Mwambie mtoaji amepatikana."

Aliketi kwenye benchi la wodini akiangalia kioo cha chumba cha joto. Matone yaliingia kwenye mshipa wa kisigino, moja, moja, moja. Ilipofika saa kumi na mbili midomo ya mtoto ilikuwa na rangi. Hakutapika tena. Bibi yake, mama wa baba yake, alikuja kumchukua baada ya siku tisa, na shangazi aliwaona wakitoka getini, mtoto amefungwa kwenye shali la kijani, analia kwa nguvu, kama mtoto yeyote.

"Basi yakaisha," nilimwambia shangazi, juzi, pale kizingitini. Nilitaka yaishe.

Alilala kitandani juu ya zile nguo alizozikunja, akageukia ukutani. Nikadhani amesinzia. Niliposimama niende, akasema:

"Ile fomu ya kuomba damu, ya Jumamosi. Ile ya mama mtu."

"Imefanyaje?"

"Waliandika mifuko miwili. Ya watu wazima."

Nikamwambia si kosa lake, na kama ni kutoa, atatoa akipata nafuu. Akacheka kidogo, kicheko kisicho na pumzi. Amekwenda mara nne kujitolea. Mara nne wamemrudisha. Amekula maini, amekunywa dawa, amepumzika mwezi mzima. Damu yake imesimama kwenye tisa. Haipandi. Mtu wa tisa haruhusiwi kutoa, popote.

"Nimewaambia watoe tu," alisema. "Wananiambia, mama, unataka kufa?"

Hayo yalikuwa juzi. Leo asubuhi nilipiga deki koridoni kwetu, nikianzia mlango wa chumba chake na kurudi nyuma hadi jikoni, kama ninavyofanya kila siku, ili nisikanyage nilipokwisha kupiga. Nilikuwa nimefika jikoni, nakamua tambara kwenye ndoo, niliposikia kitasa chake kikizunguka. Kikazunguka tena.

"Mwanangu," aliita kutoka ndani, kwa sauti ya chini. "Mbona umeegemea mlango?"

Nilikuwa hatua kumi na moja kutoka hapo. Kati yangu na yeye hakukuwa na mtu.

Nilikimbia, nikateleza, nikaufungua. Ulifunguka kwa urahisi. Alikuwa amesimama nyuma yake na mkono kwenye kitasa, mweupe kama shuka, akitazama sakafu miguuni pangu. Nami nikatazama.

Koridoni kote maji yalikuwa bado yanang'aa. Ila mbele ya mlango wake, mahali nilipoanzia, nilipopitisha tambara kwa mkono wangu, palikuwa na sehemu mbili kavu. Nyayo mbili za mwanamke, bila viatu. Visigino vimegusa mlango.

Nimezimwagia maji hadi sasa ndoo ya tatu. Hazilowi.